Kerezo la Baba Mdogo: Jinsi Mashine ya Kiwandani Ilivyoingia Nyumbani

Utangulizi

Nilipokuwa kidato cha tatu, baba mdogo aliuza kiwanja chake akanunua kerezo, yaani mashine ya kukereza chuma. Lilifika nyumbani kwetu, viungani mwa Jinja, juu ya lori la mchanga, na wanaume kumi na wawili walihitajika kulishusha. Mtaa mzima ulikuja kutazama. Baada ya miezi minne, mnunuzi wa vyuma chakavu naye alikuja kutazama, akiwa na mizani.

Insha hii inatokana na siku hizo mbili, lakini si hadithi ya ukoo wetu peke yake. Mashine ya aina ile ile imekaa katika vibanda vya nyuma ya nyumba huko Uingereza na Marekani kwa zaidi ya miaka mia moja, ikihudumiwa na makarani, walimu na madereva ambao hawakuwahi kufanya kazi kiwandani. Kwetu ilikaribia kuuzwa kwa kilo kabla ya kumaliza nusu mwaka. Kwa nini? Jibu ninalolitetea ni kwamba huko mashine haikuingia nyumbani peke yake. Iliingia pamoja na maarifa ya kuinunua na kuitunza, yakiwa yameandikwa kwa lugha ya mnunuzi. Kwetu mashine ilifika, lakini maarifa yalikaa vichwani mwa watu wachache, na siasa ikawatawanya.

Kabla ya kuendelea, nieleze kerezo ni nini kwa wale ambao hawajalikaribia. Chuma hufungwa kwenye mataya yanayozunguka, na kisu hukisogelea na kukichana mpaka kiwe mviringo wa kipimo kinachotakiwa. Mafundi wa kwetu huzitaja sehemu zake kama za mtu aliyelala: kuna kitanda, ambacho ni reli ndefu za chuma cha kusubu, kuna kichwa, penye mataya na gia, na kuna mkia, unaoegemeza ncha ya pili ya kazi. Juu ya kitanda huteleza kibebea kisu. Humo hutoka shafti, bushi, parafujo na puli. Mji usio na kerezo hauwezi kujitengenezea spea.

Chanzo chake kiwandani

Kukereza mbao ni kazi ya kale sana. Seremala alizungusha mti kwa kamba au kwa mguu, na kisu akakishika kwa mkono. Chuma hakikubali jambo hilo kwa urahisi, kwa sababu mkono huchoka na kipimo huhama. Takriban mwaka 1800, Henry Maudslay, fundi wa London aliyezaliwa mwaka 1771, alitengeneza kerezo lililounganisha mambo matatu: kibebea kisu kinachoteleza juu ya kitanda kilichonyooka, parafujo ndefu ya kukisukuma, na gia za kubadilisha mwendo wa parafujo hiyo. Hakuwa wa kwanza kuliwazia kila jambo. Jacques de Vaucanson wa Ufaransa na Jesse Ramsden wa Uingereza walimtangulia katika baadhi yake, na David Wilkinson wa Marekani alipata hataza mwaka 1798. Maudslay anakumbukwa zaidi kwa sababu karakana yake ilikuwa pia shule. Humo walipita Joseph Whitworth, James Nasmyth na Richard Roberts, nao wakaenda kujenga mashine za wengine.

Whitworth ndiye anayetuhusu zaidi. Zamani kila karakana ilikata hesi, yaani nyuzi za parafujo, kwa namna yake, na nati ilikubali bolti yake tu. Mwaka 1841 Whitworth alipendekeza kipimo kimoja kwa wote, hesi zenye pembe ya digrii 55, baada ya kukusanya na kulinganisha bolti za karakana mbalimbali. Mwaka mmoja kabla, alieleza pia namna ya kupata uso wa chuma ulionyooka kabisa. Sahani mbili zinaweza kulingana huku moja ina tumbo na nyingine ina shimo. Ukileta ya tatu na kuzilinganisha zote kwa zamu, kasoro hufichuka. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kila usahihi wa kerezo hutoka kitandani. Kitanda kikipinda, kila kitakachokatwa juu yake kitapinda.

Kuingia nyumbani

Kwa muda mrefu, aliyekuwa na kerezo nyumbani alikuwa tajiri. Huko London ukoo wa Holtzapffel uliwauzia mabwana wakubwa makerezo ya kukanyaga kwa mguu, wakayatumia kuchonga pembe na mbao ngumu kama burudani. Hata hivyo, ukoo huo ulifanya jambo lililozidi mauzo. Kuanzia mwaka 1843 Charles Holtzapffel alianza kuchapisha kitabu kikubwa cha juzuu kadhaa kuhusu ukerezaji, visu na zana. Mnunuzi hakuachwa peke yake na mashine.

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1898, Percival Marshall alipoanzisha jarida la Model Engineer mjini London. Lilikusudiwa mtu wa kipato cha kawaida anayetengeneza vitu kwa mikono yake baada ya kazi. Kampuni kama Drummond Brothers ya Guildford zikaanza kutengeneza makerezo madogo ambayo mtu angeweza kuyaweka chumbani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kampuni ya Myford ya Beeston, karibu na Nottingham, ikatoa kerezo dogo lililoitwa ML7, ambalo likawa maarufu kuliko yote katika karakana za nyumbani za Uingereza. Juu ya beringi zake kulikuwa na vichupa vya kudondosha oili tone kwa tone. Mtunzaji aliona kwa macho kama mashine imekunywa au ina kiu.

Marekani ilikwenda njia hiyo hiyo. Mwaka 1906 ndugu wawili mapacha, John na Miles O'Brien, walianzisha kiwanda cha makerezo mjini South Bend, Indiana. Kiwanda cha Atlas cha Kalamazoo, Michigan, kiliuza mashine zake kupitia katalogi za duka la Sears, hivyo mkulima aliyeishi mbali na mji aliweza kuagiza kerezo kwa barua. South Bend walichapisha kitabu chembamba kiitwacho How to Run a Lathe, kikachapwa upya mara nyingi na kutolewa hata kwa Kihispania. Kitabu hicho hakimwanzishi msomaji kwenye kukata chuma. Kwanza kinamfundisha kusimamisha mashine, kuinyoosha kwa pima maji, na kuitia oili. Hapo ndipo ninapoona siri ya jambo zima: aliyenunua mashine aliuziwa pia mazoea ya kuitunza.

Kufika kwetu

Makerezo yalikuja Afrika Mashariki kwa reli. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria, mahali panapoitwa Kisumu leo, mwaka 1901. Treni haiwezi kuishi bila karakana, na kubwa kuliko zote ikawa Nairobi. Zaidi ya vibarua 30,000 waliletwa kutoka India, wakiwemo mafundi chuma na maseremala. Wengi wa mafundi hao walikuwa Masingasinga, ambao watu wetu waliwaita Makalasinga, na baadhi yao walibaki wakafungua karakana mijini. Jambo la kuchekesha ni kwamba reli yenyewe ilikuwa na upana wa mita moja kamili, lakini mashine na vifaa vyake vingi vilitoka Uingereza na vilipimwa kwa inchi. Inchi hiyo itarudi kutusumbua mbele.

Jinja ilipata reli yake ya kwanza mwaka 1912, ile ya kwenda Namasagali. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa, na umeme ukavuta kiwanda cha nguo na baadaye kiwanda cha kuyeyushia shaba ya Kilembe. Karibu nasi, Kakira, kulikuwa na kiwanda cha sukari tangu miaka ya 1930. Kila kimojawapo kilihitaji karakana, na kila karakana ilihitaji kerezo.

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda. Makumi ya maelfu waliondoka. Mashine hazikupanda ndege. Waliopanda ni wengi wa wale waliojua kuzitunza. Miaka mitano baadaye, mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika la reli lililokuwa limewafunza vijana wa nchi tatu likagawanyika.

Msomaji anaweza kunipinga hapa, na ana haki. Mafundi wa Katwe mjini Kampala walijitengenezea spea katika miaka ile ya uhaba, na Waafrika wengi walikuwa wamejifunza ukerezaji kabla na baada ya 1972. Hilo ni kweli, nami nawaheshimu. Lakini maarifa yao yalipita kutoka mdomoni hadi sikioni, kutoka kwa fundi hadi kwa mwanagenzi wake. Aliyekaa nje ya mnyororo huo, kama baba mdogo, hakuwa na mahali pa kusoma. Yeye alikuwa fundi wa kuchomelea, hodari wa mageti na madirisha. Kerezo alikuwa akiliona kwa wenzake tu.

Siku ya kununua

Mashine ilitoka katika karakana moja iliyokuwa inafungwa. Ilikuwa ya Kiingereza, nzito, imepakwa rangi mpya ya kijani. Muuzaji aliiwasha, mataya yakazunguka bila kelele, baba mdogo akalipa. Nimemuuliza mara nyingi alikagua nini. Hujibu, "Niliangalia kama inazunguka." Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye hakuinama.

Vitabu vya karakana za nyumbani vinasema kuzunguka ni jambo dogo kabisa. Linalotazamwa kwanza ni kitanda. Kwa kuwa kazi nyingi hufanyika karibu na mataya, kitanda huliwa upande huo, na upande wa mkia hubaki karibu mzima. Kwa hiyo mnunuzi husogeza kibebea kisu hadi karibu na mataya, hukikaza kidogo mpaka kisichezecheze, kisha hukisukuma kuelekea mkia. Kikikwama njiani, kitanda kimelika. Pili ni shafti ya kichwa: fimbo ndefu hufungwa kwenye mataya na kuinuliwa kwa mkono huku kipimo kikiwa juu ya shafti, ili kuona kama beringi zimelegea. Tatu ni meno ya gia, moja baada ya jingine. Rangi mpya si dalili ya uzima. Inaweza kuwa imefunika ufa.

Nne ni vile visivyokuwepo. Kerezo la baba mdogo liliuzwa na gia zile tu zilizokuwa zimefungwa, na seti ya kubadilishia haikuwemo. Bila seti hiyo mashine hukata hesi za aina chache tu. Na hapa inchi ya reli ilirudi. Parafujo kuu ya mashine ile ilikatwa kwa inchi, ilhali wateja wa leo wanataka milimita. Inchi moja ni milimita 25.4 kamili, na ili kupata uwiano huo kwa meno ya gia huhitajika gia yenye meno 127, kwa sababu 127 ukigawanya kwa 5 unapata 25.4. Gia hiyo moja ndiyo daraja kati ya Whitworth na duka la spea la Jinja. Hatukuwa nayo.

Tano ni umeme. Mota ilikuwa ya fezi tatu na nyumba yetu ina fezi moja. Kubadilisha mota kulimaliza akiba iliyobaki. Mashine ilipoanza kazi, baba mdogo alikuwa tayari na deni, na karo yangu ya muhula ilikuwa sehemu ya deni hilo.

Miezi minne

Kazi ya kwanza ilikuwa shafti ya mashine ya kusaga mahindi. Baba mdogo aliikereza siku nzima, ikang'aa. Baada ya wiki mwenye mashine aliirudisha: beringi ilikuwa imepata moto na kuharibika. Akakereza nyingine, nayo ikarudi. Tulipopima mahali pa beringi, upande mmoja ulikuwa mnene kuliko mwingine. Macho hayakuona tofauti hiyo, lakini beringi iliiona. Mteja wa tatu alidai fedha zake mbele ya watu. Baba mdogo akaanza kusema mashine ina mkosi, kwamba waliomuuzia walijua. Ndipo mwenye mizani alipokuja.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja aliyestaafu, ambaye ujana wake alianza kazi ya reli kabla Jumuiya haijavunjika. Alikuja kununua geti, akasikia habari, akaomba kuona. Hakuiwasha. Alichuchumaa, akatazama chini ya miguu yake.

"Kijana, hii umeilaza au umeitupa?"

"Mzee, nimeifunga na bolti nne."

"Ndiyo. Umeifunga ikiwa imepinda."

Akatueleza kwamba chuma cha kusubu, hata kiwe kinene namna gani, hujisokota kikikazwa kwenye sakafu isiyo sawa. Sakafu yetu ilikuwa ya saruji ya mteremko, ili maji ya mvua yatoke. Kitanda kilikuwa kimejisokota kidogo mno kuonekana, lakini kisu kilipotembea kilisogea mbali na kazi, na shafti ikawa na upande mnene.

Dawa yake ilichukua siku mbili. Alilegeza bolti zote. Alifunga kipande kinene cha chuma kwenye mataya bila kukiegemeza mkiani, akaacha pete mbili juu yake, moja karibu na mataya na moja mbali, akazikereza zote mbili kwa mpito mmoja bila kugusa kisu. Akapima kwa maikromita. Zilitofautiana. Akaingiza kibati chembamba chini ya mguu mmoja wa upande wa mkia, akakaza, akakereza tena, akapima tena. Alirudia mpaka pete zikalingana. Baadaye, nikiwa chuo kikuu, nilikuta njia hiyo hiyo katika vitabu vya Kiingereza vya karakana za nyumbani. Mzee hakuwa amevisoma. Aliipokea kwa fundi wake wa reli, ambaye naye aliipokea kwa mwingine.

Matunzo ya kila siku

Kabla ya kuondoka alituachia masharti, nami niliyaandika nyuma ya daftari langu la hesabu. Yote nimeyathibitisha baadaye, na nayataja pamoja na sababu zake.

Oili huwekwa kabla ya kazi, si baada ya kelele. Oili isafishe kwanza, ndipo ilainishe: futa, kisha weka mpya. Usipake grisi kitandani, kwa sababu vumbi la chuma hunata humo likawa kama msasa. Usitumie jiwe la kunolea karibu na kitanda bila kukifunika, kwa sababu punje za jiwe ni ngumu na hula reli. Usipulize uchafu kwa mashine ya upepo, kwani unauingiza ndani ya beringi na nati, tumia brashi. Usiache ufunguo wa mataya mahali pake hata kwa dakika moja, maana mashine ikiwashwa utaruka kama risasi. Mkanda usikazwe kupita kiasi, kwa kuwa unavuta beringi. Na kwa sisi tunaoishi kando ya ziwa na mto, ambako unyevu hauishi, futa kitanda kwa oili kila jioni na ukifunike kwa kitambaa. Turubai la plastiki hufungia jasho la chuma ndani, na kutu huota.

Sharti la mwisho lilikuwa daftari. Kila siku tuandike oili imewekwa wapi, kipi kimekazwa, kipi kimesikika tofauti. Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hilo lipo mpaka leo, na kazi ya kuliandika ilikuwa yangu hadi nilipomaliza shule.

Siwezi kudai kwamba kila kitu kilipona. Kitanda kimelika karibu na mataya, na hakuna kibati cha kurudisha chuma kilicholiwa. Mzee alitwambia tuishi na jambo hilo kama mtu anavyoishi na goti bovu: tulijue, tusilitwike mzigo. Kazi nyeti baba mdogo huifanya mbele kidogo ya sehemu hiyo. Gia ya meno 127 ilipatikana baada ya miaka miwili. Kiwanja hakikurudi. Lakini deni liliisha, na karo yangu ya kidato cha tano na cha sita ilitoka katika kerezo lile.

Hitimisho

Historia ya mashine kwa kawaida huandikwa kama historia ya wavumbuzi. Tunafundishwa Maudslay na mwaka wake, kisha tunaruka hadi kiwanda. Nimejaribu kuonyesha kwamba mashine ina historia ya pili, ile ya wanaoitia oili, na kwamba historia hiyo ndiyo inayoamua kama itadumu. Kiwanda cha Myford cha Beeston kilifungwa mwaka 2011, lakini mashine zake bado zinafanya kazi vibandani, kwa sababu waliozinunua walikuwa wameandikiwa namna ya kuzitunza. Leo kuna makerezo madogo mapya kutoka China ambayo vijana wetu huyaagiza kwa simu. Hayo nayo yanahitaji kufunguliwa, kusafishwa grisi ya safarini na kurekebishwa kabla ya kazi. Rahisi ghali, asipokuwepo wa kukuambia hivyo.

Kwa sisi wanafunzi wa Kiswahili katika nchi hizi jirani, ninaona wajibu ulio wazi. Kitabu cha South Bend kilitolewa kwa Kihispania. Mimi sijawahi kukutana na tafsiri yake ya Kiswahili, wala kitabu kinachofanana nacho. Tuna maneno kamili: kerezo, hesi, nati, kitanda, kichwa, mkia. Wazee wa reli na wa Katwe wanayatumia kila siku bila kuona haya. Wengi wao sasa wana umri wa miaka 70 na zaidi. Yule mzee wetu alifariki mwaka jana, na alichotufundisha kimebaki katika kurasa tisa za mwisho za daftari la hesabu. Nimeanza kuzinakili.